Tandile na Sufuria Iliyovuka Mto

Haya, tegeni masikio!

— Tumeyatega, Bibi!

Yamesimama?

— Yamesimama kama majani ya mgomba!

Basi hapo kale, kale iliyochoka kwa ukale, sisi Walindo, watu wa masikio marefu, tulipigana wenyewe kwa wenyewe. Walindo wa Msituni upande huu wa Mto Lumesi, Walindo wa Majabalini upande ule. Tulipigana miaka mia tatu, tukigombea maji. Msicheke! Maji yanapita zake, yanakwenda zake, na sisi tunauana.

Na mnajua Mlindo huishi miaka elfu moja. Kijana wa miaka mia akichomwa mshale, mshale huo umemeza miaka mia tisa. Mia tisa, wajukuu zangu!

Katika kambi yetu alikuwapo mpishi, jina lake Tandile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mlima. Mdogo wake, Beruo, aliuawa kwenye kivuko cha mawe. Tangu siku hiyo Tandile hakuimba tena. Alipika tu. Akapika, akapika, akapika.

Asubuhi moja, vita vikubwa vikiwa vimepangwa kuanza adhuhuri, Tandile alikuwa mtoni akisugua sufuria kubwa ya shaba. Mkondo ukampokonya. Sufuria ikaelea, ikazunguka, ikaelea, ikazunguka, hadi ng'ambo. Watu wa Majabalini wakaidaka.

"Nyie! Sufuria yangu hiyo!"

"Njoo uichukue!" wakamjibu, wakicheka.

Mnadhani alifanyaje?

— Alirudi kambini!

Thubutu! Alikunja nguo hadi magotini, akashika mwiko wake, akaingia majini. Pinde mia zikamwelekea. Yeye huyo, anakwenda. Kufika, akakuta sufuria imeshabandikwa motoni. Akachungulia ndani.

"Huu ni uji au kokoto?"

"Ni uji," akasema jemadari wao, Koriwa, huku ametazama chini kwa aibu.

"Hebu nipishe."

Akavunja madonge, akakoroga, akatia asali ya kwao, akawapakulia. Wakala, wakaongeza. Wengine walikuwa hawajaonja chakula cha maana tangu watoke kwao. Koriwa aliramba kidole, akauliza, "Mama, tukupe nini?"

"Sufuria yangu. Na mniambie, nani alimuua Beruo kwenye kivuko cha mawe?"

Koriwa akaweka bakuli chini.

"Ni mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kumzika binti yangu, aliyechomwa mshale wa kwenu. Nilikuwa sioni mbele."

Tandile akaushika mwiko kwa nguvu. Alitaka kumpiga nao. Aliuinua kabisa! Kisha akaona uso wa yule mzee, umelowa machozi, akaushusha. Akakaa chini akalia, na Koriwa akalia, kila mtu na wake.

Walipochoka kulia, Tandile akajifuta pua. "Shika upande huo," akasema. "Sufuria ni nzito."

Wakaibeba wawili, wakaingia mtoni. Huku kwetu watu wakaona nini? Jemadari wa adui, maji kiunoni, hana upinde, ameshika mpini wa sufuria! Jemadari wetu, Dafiri, akavuta upinde.

"Dafiri!" Tandile akapaza sauti. "Achia huo mshale uone! Kuanzia leo utajipikia mwenyewe!"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Ng'ambo nako wakacheka. Dafiri mwenyewe akajikaza, akajikaza, akashindwa. Kicheko kikamtoka na upinde ukamponyoka. Adhuhuri ikafika, ikapita. Hakuna aliyepigana. Jioni wakakaa, wakagawana zamu za kuteka maji: siku yetu, siku yao. Jambo la jioni moja tu, wanangu, lilitushinda miaka mia tatu.

— Bibi, sasa nani alishinda?

Aa, hilo ndilo nililolingoja. Watakuja watu kuwaimbia vita vya kale, majemadari na mikuki yao inayong'aa. Wasikilizeni, ni nyimbo tamu. Lakini mkimaliza, waulizeni majina ya wale ambao hawakupata kuzeeka. Wakishindwa kuwatajia, basi vita hivyo hawavijui. Beruo alipenda kupiga mbinja. Binti wa Koriwa aliitwa Imeshi, na aliwaogopa vyura. Sasa mnavijua.

Kisa nimekitua, mabega yangu mepesi. Abebe mwenye nguvu, amfikishie ambaye hajazaliwa.

— Tumekipokea, Bibi!