Kiti cha Mama Nakiete

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana saruji ilikuwa imeshafika na watu walikuwa wameshajua kugombea vyeo, palikuwa na mama mmoja mjenzi katika mji wa Kwembago, kule milimani ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Jina lake Mama Nakiete. Sogeeni karibu nimseme, maana hayupo hapa wa kunijibu.

Mama Nakiete alianza kazi ya ujenzi kwa kubeba karai la zege kichwani. Akatoka kwenye karai, akashika mwiko. Akatoka kwenye mwiko, akawa nyapara. Wanaume wakanuna, yeye akaendelea. Akaenda kusoma na watoto mgongoni, akarudi na cheti, akapewa meza. Shule, madaraja na nyumba za watu vikapita mikononi mwake, mpaka akawa mkuu wa ujenzi na uendeshaji wa kampuni nzima. Watu walipomwuliza siri yake, alisema hana siri, ana mambo matatu tu: huwaza kabla ya shida, huwajua watu wake pamoja na shida zao, na zege baya hulikataa hata kama limemwagwa na shemeji yake. Taabu ni kwamba mambo hayo matatu yalikaa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo magoti yake yalikuwa yameanza kukataa ngazi.

Kampuni yake ilikuwa na desturi moja. Mnajua slabu, ile sakafu ya zege inayokaa hewani kutenga ghorofa ya chini na ya juu. Ikishamwagwa hushikiliwa kwa mirunda, miti iliyosimamishwa chini yake, mpaka zege likomae. Sasa siku ya kutoa mirunda, Mama Nakiete huchukua kiti, akaenda kukaa chini ya slabu, na mirunda ikatolewa yeye yuko pale pale anatafuna karanga. Alisema kwamba kama yeye haoni vyema kukaa chini yake, hana haki ya kumkabidhi mwenzake akae. Wateja waliipenda sana desturi hiyo. Mumewe hakuipenda hata kidogo.

Basi mji wa Kwembago ukaagiza soko la ghorofa, maana akina mama wauza mboga walikuwa wamechoka kuuza mchicha juu ya tope. Mama Nakiete akawaita wasaidizi wake watatu.

"Hili ndilo soko langu la mwisho," akawaambia. "Baada yake inakuja hospitali ya wazazi, nayo sitaijenga mimi. Nitakayemwona ndiye aliyelisimamisha soko hili, atakaa kwenye kiti changu."

Wote watatu wakaitikia, ndiyo Mama. Kisha kila mmoja akawatazama wenzake kwa jicho la pembeni.

Wa kwanza aliitwa Mhina, mtu wa mipango. Mhina alikuwa mtu wa kununua mwavuli wakati wa kiangazi. Kabla msingi haujachimbwa, yeye alikuwa ameshapandisha saruji mlimani, lori baada ya lori, akajaza stoo mpaka juu. Watu wakamcheka. Wakamwuliza kama ana mpango wa kuioa hiyo saruji. Mhina akafunga stoo na kutia ufunguo mfukoni. Mvua za vuli ziliponyesha, mlima ukaporomoka ukakata barabara, na malori yakabaki huko bondeni. Wajenzi wengine wote wa mji wakakunja mikono. Soko la Mama Nakiete likaendelea kupanda, na waliomcheka Mhina wakaanza kumwamkia kabla hajafika karibu. Bila Mhina, soko lisingesimama.

Wa pili aliitwa Tunu, mtu wa watu. Tunu alijua nani kafiwa, nani kaoa, nani kagombana na mkwewe. Siku ya kumwaga slabu ilipofika, kazi ilianza alfajiri kwa kelele na vicheko, na mafundi wenyewe mnajua wanavyosema: zege halilali. Ukishaanza kulimwaga unamaliza siku hiyo hiyo, hata anga lianguke. Walipofika katikati, habari zikaja kwamba mama yake Mzee Kaniki, nyapara wao, amefariki dunia.

Hapo pakawa na mtihani. Zege halilali, na maiti naye hangoji. Mzee Kaniki aliweka chini koleo, akaondoka. Mafundi wakanawa mikono wakamfuata, kwa sababu asiyekwenda kuwazika wenzake, yeye atazikwa na nani? Mhina alisimama katikati ya uwanja akiitazama mipango yake inavyoganda.

Tunu hakumzuia mtu. Alikwenda kwenye vibanda vya wauza mboga, akawakuta wanajifunga kanga waende msibani. Akawaambia kwamba wazee wakae na wafiwa, wanaume wakachimbe kaburi, kwa kuwa makaburini wanawake hawaendi; na hawa wenye nguvu waje wamalizie soko lao kwa mikono yao. Wakatazamana. Kisha mmoja akachukua karai, na wote wakachukua. Walimwaga zege mpaka jua likazama, na marehemu akazikwa na umati mkubwa baada ya alasiri. Mzee Kaniki aliporudi na kuliona zege limefika ukingoni, alikaa chini akalia upya. Bila Tunu, soko lisingesimama.

Wa tatu aliitwa Sempombe, mkaguzi, mtu wa maneno machache na nyundo ndogo. Kazi yake ilikuwa kugonga zege na kusikiliza. Watu walisema Sempombe hata akikaribishwa chai hugonga kwanza kikombe.

Siku ya kutoa mirunda ikawadia. Mama Nakiete alikuwa ameipanga mapema kidogo, kusudi sherehe iwahi kabla ya masika. Turubai likafungwa, ngoma ikaletwa, mgeni rasmi akaketishwa. Akina mama wa soko wamevaa sare. Mama Nakiete akachukua kiti chake, akakiweka chini ya slabu pale mbele, upande unaoning'inia juu ya mlango, ili watu wamwone vizuri. Akakaa. Akafungua karanga zake.

Fundi wa kwanza alipoinua nyundo, Sempombe akatoka mbio, akaukumbatia mrunda kwa mikono miwili.

"Huu hautoki," akasema.

Ngoma ikanyamaza. Mgeni rasmi akatazama saa. Mhina akamnong'oneza Sempombe asiwaaibishe mbele ya watu. Tunu akamwomba kwa upole aachie. Hakuachia. Mama Nakiete mwenyewe akamwamuru aachie, na mtu hakuwahi kukataa amri ya Mama Nakiete tangu kampuni ianze.

"Nifukuze kazi, Mama," akasema Sempombe, "lakini nifukuze ukiwa umesimama kule nje."

Mama Nakiete akafunga karanga zake, akainuka na magoti yake mabovu, akatoka. Kiti akakiacha. Akaagiza watu wote warudi nyuma, mirunda ya upande ule ifungwe kamba na kuvutwa kwa mbali. Wakavuta. Slabu yote ikasimama imara, isipokuwa ile pembe iliyoning'inia juu ya mlango. Hiyo ilikatika, ikashuka na vumbi lake, ikakisaga kiti kikawa vijiti vya kuwashia moto. Hakuumia mtu. Bila Sempombe, tungekuwa tunasimulia msiba.

Pembe ilibomolewa ikamwagwa upya, safari hii taratibu, na ikaachwa mpaka ikakomaa kweli kweli. Soko likafunguliwa. Mboga zikapanda ghorofani, tope likabaki na wenyewe konokono. Ndipo Mama Nakiete akanunua kiti kingine, akakiweka katikati ya ofisi bila kukikalia, akawaita watatu wale, na Mzee Kaniki akaitwa awe shahidi.

Mhina akasema kwanza. "Mama, nyumba hujengwa kwa vitu. Barabara ilipokatika, mji mzima ulilala, sisi tukajenga, kwa sababu mimi niliwaza wakati wengine wanacheka. Bila saruji yangu, Tunu angewapa wale akina mama wabebe nini, na Sempombe angegonga nini? Kiti ni changu."

Tunu akasema, "Mama, nyumba hujengwa na watu. Saruji ya Mhina ilikuwepo siku ile, na ilikuwa inaganda mbele ya macho yake. Niliwapa wafiwa haki yao na zege haki yake, na hakuna aliyenung'unika mpaka leo. Kiti ni changu."

Sempombe akakohoa. "Mama, wewe u hai," akasema. Akaona hana la kuongeza.

Mzee Kaniki akasema yeye kama angeulizwa angempa Tunu, kwa ajili ya mama yake. Mama Nakiete akamwambia hajaulizwa bado. Akamgeukia Mhina.

"Nimeivunja ile pembe kwa mkono wangu," akasema, "nikakuta mabonge ya saruji iliyoganda ndani ya mfuko. Saruji yako ilikaa kwenye ukungu huu muda mrefu mno. Ulijua?"

Mhina akainamisha kichwa. Alijua. Mifuko ya chini, iliyogusa ukuta, ilikuwa imeshashika unyevu. Alikuwa amewachekesha watu mji mzima kwa stoo yake, na baadaye stoo hiyo hiyo ikamletea heshima. Hakuwa na moyo wa kusema kwamba sehemu yake ni ya kutupa. Aliagiza ichekechwe na itumike mwishoni, pale ukingoni kwenye ile pembe.

Mama akamgeukia Tunu. "Na maji nayo yalikuwa mengi, zege limekuwa uji. Uliona?"

Tunu aliona. Zege zito huvunja shingo, na wale mama hawakuzoea. Walipoanza kuchoka wakamwomba aliongeze maji liwe jepesi, naye alijua zege la maji mengi halina nguvu. Lakini alijua pia kwamba akisema hapana, wataweka chini makarai na kwenda msibani, na hakuwa na wengine. Akasema ndiyo, akacheka nao, akaongeza.

Mama akamgeukia Sempombe, naye Sempombe akaanza kutazama dirisha.

"Ile pembe ulishuku lini?"

"Juma moja kabla, Mama. Niligonga nikasikia sauti ya debe."

"Juma zima ukakaa nayo."

Sempombe akasema kwamba mara ya mwisho aliposimamisha kazi, kwenye daraja moja walilolijenga zamani, zege lilikuwa zima, na wakamwita Mchawi wa Nyundo mpaka watoto wakalijua jina hilo. Akasema aliogopa kuchekwa. Kila asubuhi aliamka akisema leo nitasema, na kila jioni alilala hajasema, mpaka alipomwona Mama amekaa pale na karanga zake, ndipo woga mmoja ukaumeza mwingine.

Tunu naye akamgeukia Mama Nakiete. "Na wewe Mama," akasema taratibu, "siku uliipanga mwenyewe, mapema, kwa ajili ya sherehe. Zege hata lingekuwa zuri lilihitaji muda zaidi."

Mzee Kaniki akashika kichwa, akidhani sasa kazi zao watatu na yake ya nne zimekwisha. Mama Nakiete akakubali kwamba ni kweli. Akasema ndiyo maana anaondoka, na kwamba haondoki kwa ajili ya magoti peke yake. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kama afutaye jasho, akawaambia anawapenda wote watatu na kwamba angeweza angewachanganya kwenye mashine akamwaga mtu mmoja. Lakini kiti ni kimoja, na kiti cha watu watatu huitwa benchi. Amewahi kuona jengo lililoamuliwa na benchi, na liko mpaka leo bila paa.

Akainuka, akachukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani kwa mumewe. Kiti akakiacha wazi, akasema mji wenyewe ndio uamue.

Mji mpaka leo unabishana. Wajenzi wanamtaka Mhina, kwa sababu barabara ya mlimani itakatika tena. Akina mama wa soko wanamtaka Tunu, nao wakimtaka mtu huwa hawanong'oni. Mume wa Mama Nakiete anamtaka Sempombe, na hataki kusikia hoja nyingine.

Na hospitali ya wazazi imeshachimbwa msingi. Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo unatabasamu, usinijibu upesi kama mtu anayechagua nyanya. Binti yako ndiye atakayelazwa chini ya slabu hiyo, na wewe utakuwa nje mlangoni, umeshika kanga zake, unangoja kusikia mtoto akilia. Watatu hawa wote walilisimamisha soko, na watatu hawa wote waliiangusha ile pembe. Mmoja kwa kuficha aibu ya mipango yake, mmoja kwa kushindwa kuwanyima watu wake, mmoja kwa kunyamaza alipopaswa kusema.

Je, nani alistahili kile kiti?