Kaburi la Kulipia

Sogeeni mbele, safu ya kwanza ina nafasi. Na wewe uliyeegemea nguzo, usisinzie, maana leo nataka kusema jambo ambalo mimi mwenyewe nimelikwepa tangu Jumanne.

Palikuwa na mtaa mmoja, msiniulize wapi, wenye watu wa kawaida kama sisi. Akifa mtu pale, hakuna aliyesubiri kuitwa. Habari ikishatangazwa msikitini, seremala anaacha msumeno, mwenye duka anafunga, mwenye bodaboda anamwambia abiria wake, "Samahani ndugu, nitakushusha hapa, nina msiba." Wote makaburini. Huyu ana sururu, yule ana chepe, mwingine kaja mikono mitupu, anangoja zamu yake. Wazee wamekaa pembeni wanakosoa: mwanandani umepinda, maiti atalalaje humo, rudieni! Kisha jeneza likitoka, mtu anapenyeza bega, anakwenda hatua saba nane, anampisha mwenzake. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu alibeba.

Sasa, mtaani hapo alikuwepo bwana mmoja aliyesoma uchumi. Msidhani nataka kumsema vibaya. Alikuwa mtu wa swala, mpole, na sadaka anatoa. Lakini mambo yale ya makaburini yalimkera. Siku moja, watu wamemaliza kufukia na wanakung'uta kanzu, akasimama akasema:

"Jamani, leo tumekuja watu sitini. Kazi hii inatosha watu wanne. Hebu niambieni, hawa hamsini na sita wameacha nini huko walikotoka?"

"Mimi nimeacha vichwa vitatu kwenye kiti," akajibu kinyozi, na watu wakacheka.

"Haya! Wewe kazi yako kunyoa, nyoa. Tutafute vijana wanne, wachimbe na wabebe, kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, tuwalipe. Wao wapate riziki, sisi tupate muda. Nani hapo atapata hasara?"

Nani, ndugu zangu? Mjibuni basi! Mimi nilikaa nikafikiri, nikakuna kichwa, sikumwona wa kupata hasara. Mzee mmoja tu, mchimba visima, ndiye aliyenyanyua mkono.

"Na asiyekuja, tutajuaje kama ameguswa?"

"Kuguswa ni moyoni, mzee wangu, hakuhitaji chepe," akasema yule bwana. "Na tusidanganyane. Wengi hapa tunakuja tusije tukasemwa. Binadamu hatoki kwake mpaka aone faida yake. Ndivyo tulivyoumbwa."

Basi hapo ndipo nilipotaka kufika. Elimu ya uchumi mimi siibezi. Mahindi yakipanda bei, siwezi kuwaeleza sababu, yeye anaweza. Lakini chini kabisa ya elimu ile, kabla hujaongeza wala kutoa, pana swali: binadamu ni kitu gani? Anatafuta nini? Yule bwana alilijibu swali zito namna hiyo kwa maneno machache akiwa amesimama juu ya udongo mbichi. Na watu wakamkubalia! Unajua kwa nini? Kila mmoja alijichungulia, akaona, mh, kweli, juzi nilikuja nisije nikasemwa. Wakaona haya. Mtu akiona haya hapendi kukaa nayo, na hapa kuna mtu anamwambia anaweza kulipa ikaondoka. Wakalipa.

Na mambo yakaenda vizuri, sitawaficha. Makaburi yakanyooka kuliko zamani. Hapakuwa na kelele wala wazee wa kukosoa. Mwanzoni watu thelathini waliendelea kuja, baadaye kumi. Mwaka wa pili ukawakuta makaburini wafiwa, imamu na wale vijana wanne. Ukimkuta mtu dukani kwake saa ya mazishi, hakukwepi macho kama zamani. Anakuamkia, anakuuzia sukari, anakwambia msiba ule ameshautolea.

Kisha akafariki mama yake yule bwana.

Mama huyu kwa miaka arubaini aliwafundisha watoto wa mtaa kusoma Kurani barazani kwake. Ameshika vidole vya nusu ya wanaume wa pale, kimoja kimoja, akivipitisha juu ya herufi. Ada yake ilikuwa kuni, na asiye na kuni alikaa na kusoma vilevile. Mwanawe akasimama mlangoni, swala ya Adhuhuri imepita, maiti imeshakafiniwa, anaangalia njia. Njia nyeupe. Simu yake ndiyo iliyokuwa ikilia kila dakika: pole sana, pokea rambirambi, pole sana, pokea rambirambi. Alitaka mama yake apite mabegani mwa watu, kama alivyopita kila mtu mtaani hapo tangu yeye mdogo. Alitaka hilo tu.

Akashindwa kuvumilia, akaenda mwenyewe mpaka kwa kinyozi.

"Njoo unisaidie kumbeba mama."

Kinyozi akamtazama, wembe uko mkononi. Wala hakuwa na ubaya, alishangaa kikweli.

"Kwani vijana hawajafika? Mbona mimi ya mwezi huu nimetoa?"

Angemjibu nini? Nakuulizeni nyinyi, angemjibu nini? Akarudi nyumbani. Akawakuta wale vijana uani, wamemaliza kuchimba, wanangoja kubeba. Mkubwa wao alikuwa na udongo mpaka magotini, na analia, makamasi yanamtoka. Akamnyooshea yule bwana noti alizompa asubuhi, juu ya ile ya mwezi.

"Shika pesa yako, bwana."

"Kwa nini? Ni kidogo?"

"Huyu ndiye aliyenishika kidole nikajua alifu," kijana akasema. "Tangu alfajiri nachimba, naiambia nafsi yangu namzika mwalimu wangu. Kisha nakumbuka nimelipwa. Sasa nimechimba kaburi la mama, au nimefanya kibarua? Mimi ningekuja bure. Hamkuniuliza. Chukua pesa yako, na mimi niachie nimzike."

Yule bwana hakuweza kunyanyua uso. Na si kwa yale maneno ya kijana tu. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Mama yake yumo ndani ya jeneza, mtu analia mbele yake, na neno la kwanza lililomtoka kinywani lilikuwa "ni kidogo?" Alishawaambia watu kwamba binadamu ndivyo alivyoumbwa, na sasa amesimama uani kwake, yeye ndiye amekuwa hivyo, na mchimba kaburi amekataa.

Mnamhukumu, eh? Ngojeni kwanza.

Jumanne tulimzika mzee Ndaro. Mnamjua, msijifanye hamumjui, ndiye aliyekuwa akijaza maji ya udhu hapa nje kila alfajiri, na hakuna aliyewahi kumpa hata ahsante. Mlikuwa wapi? Safu moja haikujaa. Tunasema kumzika Mwislamu ni faradhi ya kutosheleza, wakiisimamia wachache wengine wamesalimika, na kila mmoja wetu siku ile alijihesabu miongoni mwa hao wengine. Nimesikia mlichanga. Mjane amepokea, anawashukuru. Lakini jeneza la mumewe liliwekwa chini mara mbili njiani, kwa sababu waliobeba hawakuwa na wa kuwapokea.

Na sikusimama hapa niwagombeze. Nimesimama kujisema mimi. Mnajua nikisimamia mazishi huwa natiliwa bahasha mfukoni. Sijaomba hata siku moja, lakini Jumanne ndipo nilipojua kwamba huwa naingoja. Nilitazama, nikaona pale hapana mwenye bahasha. Wakaanza kufukia, nikasema nina mgeni nyumbani, nikaondoka. Sikuwa na mgeni, ndugu zangu. Nilikwenda kunywa chai. Dua ya kaburini aliomba fundi baiskeli, mtu ambaye hata kuisoma sawasawa hajui, akakwama katikati, akaanza upya, peke yake. Aliyenisimulia alidhani nitacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ndiye ninayewafundisha kwamba mtu hana bei. Uso unaniwaka hapa nilipo, na wacha uwake.

Basi tukishatoa salamu, sitakaa kupeana mikono. Natoka nakwenda makaburini kwa mguu, nikasimame pale nilipotakiwa kusimama Jumanne, nimwombee mzee Ndaro na nimtake radhi. Gari la mtu sitaki. Anayetaka kuja, avae viatu vyake aje. Anayeshindwa, Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi, ila nakuombeni sana, msinitumie kitu.