Mapezi Yaliyoitwa Kekaimalie

Kaeni vizuri, wapendwa. Mama uliyebeba mtoto, mhamishie bega la pili, maana leo nina mfano, na mnanijua nikishaanza mfano sishikiki.

Kulikuwa na fundi mmoja katika mji mdogo wa pwani, fundi wa katambuga. Katambuga mnazijua: viatu vya tairi, mwenyewe anazeeka, vyenyewe bado. Miaka ishirini alishona katambuga. Kisha siku moja akawatazama wazamiaji wa pweza wanavyohangaika, wanapiga maji mateke kwa miguu mitupu mpaka pumzi zinawaishia kabla hawajafika kwenye pango la pweza, akasema moyoni, "Hawa naweza kuwapa miguu mingine." Akachukua pipa la plastiki la bluu, akalikata vipande vipana. Akachukua mpira wa ndani wa gari, akashona mahali pa kuingiza mguu, akatia na mkanda wa kushika kisigino. Yakatoka mapezi ya kuzamia! Akayavaa mwenyewe, akapiga teke moja, akapitiliza mwamba aliokuwa anauendea, akaibuka katikati ya maji anacheka peke yake. Nani hapa hajawahi kufurahi hivyo na kazi ya mikono yake?

Sasa, kwao wana desturi ya kufunga mwamba. Miezi mitatu hakuna mtu kuukanyaga wala kuuzamia, pweza waachwe wakue. Na siku ya kuufungua ni sikukuu: ngoma zinapigwa, pilau linapikwa, hata waliohamia mbali wanarudi. Fundi akatia nia kwamba siku hiyo, Jumamosi, mbele ya watu wote, kikundi cha wazamiaji kitaingia majini na mapezi yake. Alikuwa amechoka kuitwa fundi wa viatu vya tairi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye mwili na ulimi, akamwonyesha.

Mama yule akaligeuza pezi huku na huku. "Fundi, hizi ni katambuga za papa."

Watu wakaangua kicheko.

"Halafu hayana hata jina," akaendelea. "Ya wageni kule hotelini yana majina ubavuni. Mimi mtu akiniuliza nimevaa nini, nimwambie nimevaa pipa? Yatafutie jina la kueleweka. Ukija nalo, tunachukua jozi thelathini. Usipokuja nalo, Jumamosi tunaingia na miguu yetu aliyotupa Mungu."

Jozi thelathini kwa ajili ya jina! Mnacheka, lakini na sisi si ndio hao hao? Haya, tuendelee.

Fundi akamuuliza mkufunzi mmoja wa kuzamia, naye akamwambia kwamba watu wa Hawaii wanayajua maji tangu enzi za mababu, na chombo cha majini kikiwa na jina la Kihawaii kinajiuza chenyewe. Basi akaenda duka la steshenari, kwa dada mmoja mwenye kompyuta, akamwomba amtafutie. Dada akamtafutia. Kila jina fundi alilipeleka nyumbani kwa mkewe, aliyekuwa hodari wa kuyakataa.

"Nalu," akamwambia. "Maana yake wimbi."

Mkewe alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa. "Kama mtu anamwita paka."

"Koa. Maana yake shujaa."

"Shujaa gani anavaa pipa?"

"Honu, basi. Kasa."

"Baba watoto, watu wanataka kufika."

Siku ya nne dada wa steshenari akafungua ukurasa mwingine, na fundi akamshika mkono asiuondoe. Palikuwa na picha ya bibi mmoja wa Hawaii, kichwa cheupe kwa mvi, anatoka majini na mapezi yake kwapani, pweza amemzonga mkono mpaka begani, naye anacheka meno yote nje, yale machache yaliyobaki. Chini ya picha limeandikwa jina: Kekaimalie.

"Wanasema maana yake bahari iliyotulia," dada akamsomea. "Aliyeiweka picha ni mjukuu wake. Bibi mwenyewe amekwisha kufariki."

Fundi akalitamka mara moja, akalitamka mara ya pili, likamkaa kinywani vizuri kabisa. "Huyu," akasema. "Namtaka huyu."

Akachongesha herufi za chuma, akazitia motoni, akaziunguza ubavuni mwa kila pezi. Na chuma cha moto kikishapita kwenye plastiki alama haifutiki. Jozi thelathini zote akaziunguza, ndipo akamwita mkewe aone. Mkewe akalisoma jina polepole, akalipenda, mara ya kwanza akapenda kitu. Kisha akauliza, "Mwenyewe umemwambia?"

"Mwenyewe marehemu."

"Ana watu wake. Mtoto akipewa jina la mtu, si tunakwenda kumwambia, 'Umepata wajina,' tena na kilo ya sukari mkononi? Wewe umempa marehemu wa watu wajina sitini, kushoto na kulia, na hujabisha hodi mlango hata mmoja."

"Ni Hawaii, mama watoto! Nitabisha wapi?"

Na kweli hakuona kosa. Kwake jina lililowekwa mtandaoni lilikuwa mali ya aliyeliokota.

Lakini dada wa steshenari alikuwa ameshayatangaza mapezi mtandaoni, na picha, na jina. Ijumaa asubuhi, siku ya kukabidhi mzigo, akaja mbio, viatu mkononi. "Fundi! Yule mjukuu ameona. Anauliza ni nani amelichukua jina la bibi yake. Anataka kuongea na wewe sasa hivi."

Fundi aliona Jumamosi yake yote inaondoka: jozi thelathini zenye jina la watu, lisilofutika, na kikundi kizima kinaingia majini miguu mitupu huku wanamcheka. Akafuatana na dada mpaka dukani, gundi vidoleni. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi Ijumaa, kwa mjukuu yule, binti kijana, bado Alhamisi usiku. Uso wake ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, na haukuwa unacheka.

"Mwambie nimekosa," fundi akasema kabla hajaulizwa. "Mwambie mke wangu aliniambia."

Kina baba, hapo mmesikia, eh?

"Mwambie akitaka, nazichoma zote leo, mbele yake, aone."

Dada akatafsiri. Binti akauliza jambo moja tu, na dada akalileta kwa Kiswahili: "Majina yote yale yalikuwepo. Kwa nini la bibi yake?"

Fundi akakuna kichwa. "Kwa sababu alikuwa anacheka. Nilitaka watu wangu na wao watoke majini hivyo."

Binti akajifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akaongea maneno mengi, na dada wa steshenari akayatafsiri: "Anasema bibi yake alizamia miaka hamsini. Hakuzamia peke yake hata siku moja, na aliyeingia naye majini alitoka naye. Anasema jina amekupa. Anasema sasa bibi yake anazamia kwetu."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Sharti?"

"Fundi, nimekwambia amekupa."

Wapendwa, mwanaume yule alirudi nyumbani anacheza barabarani, pezi kichwani! Mkewe akapiga vigelegele, majirani wakatoka bila kujua kuna nini, nao wakapiga. Na mimi ningeweza kuishia hapo, tukaimba, tukaenda kula.

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu na yeye hakumwambia mtu.

Mpira ulimwishia. Alipomaliza jozi ya ishirini na moja, mpira mzuri ulikwisha, na siku zilikuwa zinakimbia. Nyuma ya nyumba palikuwa na mpira wa lori uliopigwa jua miaka mingi, ukiukunja unatoa nyufa. Akaukata huo. Akaupaka rangi nyeusi ya viatu, akausugua, ukang'aa kuliko ule mzuri. Akashonea jozi tisa. Mikanda ile ingeshika siku ya kwanza, ya pili, labda ya tatu, kisha ingekatika, na isingekatikia nchi kavu. Ingekatikia chini, mtu ameshikilia pumzi, anataka kupanda. Fundi alilijua hilo. Akajiambia, "Hao si wanajua kuogelea?" Akaziweka jozi tisa chini kabisa ya gunia, akawekea nzuri juu.

Alasiri ya Ijumaa ile kikundi kikaja. Mwenyekiti akasoma ubavuni, "Ke-kai-ma-li-e," akauliza ni nani, fundi akamweleza: bibi, pweza, miaka hamsini, aliyeingia naye alitoka naye. Mama yule ulimi wote ukamwishia. "Hili ni jina," akasema, akajipanga wa kwanza. Fundi akaanza kugawa. Jozi moja, jozi ya pili, watu wanavaa pale pale mchangani, wanatembea kama bata, wanachekana. Akafika ya ishirini na moja. Akaingiza mkono chini ya gunia, akashika ya ishirini na mbili, akaitoa, akalisoma lile jina.

Na hakuweza kuitoa mkononi.

Kijana mmoja alikuwa amenyoosha mikono anangojea. Fundi akachukua kisu chake cha kukatia mpira, akakata mkanda. Akatoa jozi nyingine, akakata. Nyingine, akakata.

"Fundi!" mwenyekiti akapiga kelele. "Umerukwa na akili? Kesho tunafungua mwamba!"

"Hizi tisa mpira wake umekufa," fundi akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha. "Nilijua. Nimezipaka rangi. Haziwezi kuitwa hivi, mama. Naona aibu mbele ya yule bibi."

Mama yule akamtazama, akauvuta mkanda mmoja uliokatwa, ukapasuka vidoleni mwake. Kisha akawageukia watu wake. "Mnangoja nini? Nani ana mpira nyumbani?"

Wakatawanyika. Mmoja akarudi na mpira wa trekta, mwingine na ule aliokuwa anawafundishia wanawe kuogelea, na watoto nyuma yake wanalia. Wakakaa chini, yeye anakata, wao wanashona, mkewe anagawa chai. Kabla jua halijatua jozi tisa zilikuwa zimesimama. Na Jumamosi mwamba ulipofunguliwa, walioingia majini walikuwa thelathini, na thelathini walitoka, pweza mikononi, meno nje.

Sasa niwaulize. Nani alimkatisha ile mikanda? Mwenyekiti hakujua. Mkewe, pamoja na macho yake yale, hakujua. Binti wa Hawaii hakuuliza hata mpira umetoka wapi. Hebu fikirini: kama yule binti angekasirika, angesema, "Mwizi we, rudisha jina la bibi yangu," ingekuwaje? Fundi angebandika kiraka juu ya jina, angetafuta jina lingine, na zote thelathini zingegawiwa, pamoja na zile tisa! Asingekata hata moja. Mtu aliyekaripiwa anatafuta njia ya kujificha. Yeye alisamehewa, akapewa jina bure, ndipo kisu kikamwita.

Na sisi je? Sisi tunadhani Mungu kwanza anakagua mpira, akikuta mzima ndipo anatupa jina lake. Tunakuja hapa tumejipaka rangi, tunang'aa Jumapili nzima, na za chini ya gunia tunazijua wenyewe. Ndugu zangu, yeye anazijua tangu zamani. Alituona tumelichukua jina lake kienyeji, kama mtu aliyeokota, na hakutunyang'anya. Alisema, "Nimewapa. Sasa naishi kwenu."

Leo kuna watu saba wanabatizwa. Ninyi saba, sitawauliza kama mnastahili, maana hata mimi ninayewabatiza nisingejibu swali hilo. Ninawaambia furahini, chezeni, pigeni vigelegele. Lakini mkifika nyumbani, na sisi wengine wote tukifika nyumbani, kabla ya chakula, tuingize mkono chini ya gunia. Kuna kijana amenyoosha mikono anangojea kuvaa tulichokishona. Ni mwanao. Ni mteja wako. Ni mke uliyemwahidi. Naye atakwenda nacho chini ya maji.

Jina tumeshapewa. Kisu tunacho. Haya, simameni, maji yako tayari.