Pimbi na Shule ya Mlimani kwa Chui

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wanavaa sare na kubeba madaftari kwapani, Pimbi alifaulu mtihani. Akaitwa na shule mbili.

Ya Chui, kule mlimani, ilikuwa na jina! Ada yake ghala zima la mtama. Ya Kobe ilikuwa bondeni kwenye tope, lakini Kobe alileta salamu: "Aje mikono mitupu. Uji, kitanda, daftari, vyote juu yangu."

"Kwa Kobe?" Mama Pimbi akabetua midomo. "Majirani si watanicheka! Kaka yako Riziki yuko kwa Chui mwaka wa pili huu."

"Mbona hajarudi hata likizo, mama?"

"Anasoma, mwanangu! Wasomi wana nafasi?"

"Basi nikaione kwanza, kabla hatujatoa mtama."

Akapanda. Mchana ule ukungu ulishuka mlimani, kimya, zii! Hata ndege hakulia. Darasani sare ndogondogo zimetundikwa ukutani, zinapepea, na upepo hakuna.

"Karibu, binti," akasema Chui, anajilamba.

"Shikamoo, mwalimu. Wanafunzi wako wapi?"

"Chumba cha nyuma, wanadurusu. Ngoja uwasikie!" Chui akapotelea nyuma ya pazia. Sauti zikaja, nyembamba kwa nene: "Njoo, Pimbi! Huku kuzuri!"

Malaika yakamsimama. Akaita, "Riziki weee!"

"Abee!"

Lo! Kwao msichana akiitwa ndiye huitika abee. Mvulana husema naam, na Riziki alifunzwa hivyo tangu anatambaa. Hapo Pimbi akajua kaka yake hayupo tena, akajua na anayeitika ni nani. Moyo ukampiga, pu! pu! pu! Lakini uso akaukunjua.

"Mwalimu! Shule nzuri hivi nisome peke yangu? Nina mama, nina na wadogo sita. Nikawalete?"

Chui akachomoza kichwa, mate yanamdondoka, to, to, to. "Sita? Wanene?"

"Hata kutembea wanahema! Ila nachelea, nikitoka kiti changu kitachukuliwa."

"Nitakikalia mwenyewe! Nenda, binti, nenda!"

Akatoka polepole, kama anayekwenda kisimani. Alipopinda kona, mbio! Akamzoa mama, akawazoa wadogo, hao mpaka kwa Kobe.

Mama alipoambiwa habari za Riziki, alikaa palepale kwenye tope. Kobe hakuuliza lolote ila, "Mmekula?"

Jioni, wako kwenye uji, sauti ikashuka kutoka mlimani. Ilikuwa sauti ya Pimbi mwenyewe.

"Mama weee! Njoo na wadogo zangu, huku kuzuri!"

Mama akamtazama binti yake, yupo pale mbele yake, mashavu yamejaa uji. Akamshika mkono, akaukaza. Hakuitika mtu.

Basi, wajukuu zangu, kabla hamjafurahia jina la shule, ulizeni kwanza walioingia wako wapi.