Afande Fisi Apokea Lindo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe mwenye mdomo!

Basi pakawa kambi ya askari wanyama, na kambini pango lenye kivuli na mchanga mwororo. Askari walilichimba kwa kucha zao wenyewe, ili watoto wao wachanga walelewe humo wazazi wakiwa kazini. Mkuu wa kambi, Afande Fisi, yule mroho asiyeshiba, akalijaza mifupa yake mpaka mlangoni.

Akaja Swala na mwanawe. "Jambo Afande! Naomba nafasi ya mtoto."

"Pango limejaa. Subiri zamu!"

Akaja Ngiri na wanawe. "Jambo Afande! Naomba nafasi ya watoto."

"Pango limejaa. Subiri zamu!"

Ngiri akaenda lindoni. Akasikia wanawe wanalia, akakimbia kuwatazama. Fisi akamvua cheo mbele ya gwaride. "Sheria ni sheria! Anayeacha lindo kabla ya kupokewa, cheo hana. Anachokilinda kikipungua hata unywele, cheo hana!"

Akaja Koplo Nguchiro, kadogo hivi, na mapacha ambao meno ndiyo kwanza yanaota. Mumewe yuko mpakani, na kesho yeye naye anakwenda huko. Akiwaacha watoto peke yao, watakufa. Akibaki nao, atafukuzwa jeshini.

"Pango limejaa. Subiri zamu!"

"Nitasubiri, Afande," akasema Nguchiro, akachekea moyoni.

Asubuhi kwenye gwaride, Nguchiro akasimama na kapu miguuni, limefunikwa kwa jani la mgomba lililopakwa mafuta ya nyama. Pua ya Fisi: nf! nf! nf!

"Unalinda nini, Koplo?"

"Mali yangu yote, Afande. Safari imefika, natafuta wa kunipokea lindo."

"Usitafute! Nimelipokea mimi!"

Gwaride zima likasikia. Paa! Nguchiro akapiga saluti.

Fisi akafunua jani. Nyama iko wapi! Mapacha wakamrukia. Ng'wa! mkiani. Ng'wa! sikioni.

"Mama wee!" Fisi akainua mguu akimbie.

Ngiri akakohoa. "Afande, lindo."

Fisi akaushusha mguu. "Swala, nipokee!"

"Nina mwanangu, Afande. Sina pa kumweka."

"Ngiri, nipokee!"

"Nina wanangu, Afande. Sina pa kuwaweka."

Ng'wa! puani. Fisi akalia machozi. "Toeni mifupa! Fungueni pango! Sasa hivi!"

Kwara, kwara, kwara, mifupa ikatoka. Watoto wakaingia wote, Bibi Kobe akawekwa kuwalea, naye akampokea Fisi lindo. Nguchiro akawalamba wanawe, akaenda mpakani moyo umetulia.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, nendeni nayo kwenu. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake? Ukiambiwa subiri, subiri kwa adabu, wala usimsumbue mkubwa wako. Nguchiro alisubiri. Alisubiri vizuri sana.