Kokubelwa Apunguza Migomba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti nyembamba hivyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeshiba. Hapo zamani za kale, mafuko walipokuwa wakisemezana na watu, palikuwa na mjane aitwaye Kokubelwa. Marehemu mumewe alimwachia shamba la migomba. Migomba ilikuwa mingi, lakini mikungu yake ilikuwa myembamba ya kutia aibu. Wazee wa ukoo wakamwambia, "Mavuno yajayo tusipoona mkungu mnene, shamba tutampa shemeji yako, Rwegasira."

Rwegasira akaja na tabasamu la uongo. "Shemeji, ongeza samadi." Akaongeza samadi. Migomba ikakonda. "Ongeza maji." Akaongeza maji. Migomba ikakonda. "Ongeza migomba mingine." Akaongeza. Migomba ikakonda, na Kokubelwa mwenyewe akakonda.

Akaketi shambani akalia. Mara udongo ukafutuka, fuko akatoa pua.

"Mama, unalia nini?"

"Nimeongeza kila kitu, baba, na shamba linaniponyoka."

"Ndiyo maana! Huku chini mizizi inapigana vikumbo, hata mimi sina pa kupita. Kata!"

"Nikate? Machipukizi haya kaniachia mume wangu. Sijakata hata moja tangu nimzike."

Fuko akamwonea huruma. Kisha akasema, "Kila shina bakiza watatu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine wote wanamnyang'anya mama yao chakula."

Kokubelwa akashika panga. Akakata akilia. Akakata kimya. Akakata akiimba! Majirani wakasema amerukwa na akili. Rwegasira akafurahi, akaanza kupima pa kujenga nyumba yake.

Mavuno yakafika. Wazee wakakuta mkungu umeuinamisha mgomba mpaka karibu na ardhi. Wanaume wawili wakaubeba wakihema.

"Umeongeza nini, binti yetu?"

"Sijaongeza kitu. Nimepunguza."

"Basi shamba ni lako, na mtu asikuguse."

Kokubelwa akafurahi, akafurahi kweli. Rwegasira akakohoa. "Vyema, shemeji. Sasa nakushauri uongeze..."

"Shemeji," Kokubelwa akamkata kauli, "hata ushauri nimepunguza."

Hadithi yangu imeishia hapo. Nikiongeza neno, nitaiharibu.