Karatasi Kwenye Kioo cha Gari

Mtu akificha kaa la moto mfukoni, wenzake hawalioni, lakini yeye linamuunguza. Wahenga waliliona hilo zamani, wakasema mficha uchi hazai: anayeona haya kuifunua shida yake hampi yeyote nafasi ya kumfaa, na jambo analolitaka halizaliki. Mzee Thani wa mji wa Sib alikuwa na kaa lake, naye alilibeba kwa miaka hamsini.

Alizaliwa Pemba, akaletwa Oman akiwa na miaka kumi na miwili. Shuleni walimkalisha na watoto wa miaka sita, kwa kuwa Kiarabu hakukijua. Siku aliposimamishwa asome ubaoni, akayarudia maneno ya mwalimu kwa matamshi ya Kipemba, darasa zima liliangua kicheko. Kesho yake hakurudi. Kiarabu cha kusema kilimwingia sokoni na barabarani kama maji yanavyozama mchangani. Cha kusoma hakikumwingia. Akawa dereva wa malori, akapandisha saruji na mabomba milimani kwa miaka thelathini, maana leseni ya zama zile ilitaka mkono na jicho, haikutaka kalamu. Kila alipopewa karatasi, alipapasa mfuko wa kanzu na kusema, "Lo! Miwani nimeisahau nyumbani." Mkewe alijua, akaenda na siri hiyo kaburini.

Mwaka huu binti yake wa mwisho, Khulood, alihitimu uuguzi na kupangiwa kazi katika kituo cha afya juu ya Jabal Akhdar. Alitakiwa kuripoti Jumapili. Lakini kuupanda mlima ule si mchezo: pale Birkat al-Mauz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisiloendeshwa na magurudumu yote manne hurudishwa lilikotoka. Khulood alikuwa Nizwa kwa mafunzo wiki nzima, kwa hiyo kazi ya kuchagua gari jipya alimwachia baba yake. Kabla ya kuondoka alimtilia kiganjani kijaluba kidogo.

"Miwani ya kusomea," alisema huku akicheka. "Hakuna kusahau tena, baba! Magari unayajua kuliko mimi. Lakini ile karatasi iliyobandikwa kiooni uisome mstari kwa mstari. Magurudumu manne, baba. Hilo ndilo kubwa."

Mzee Thani aliipokea zawadi ile kwa mikono miwili. Moyoni alihisi kama aliyefungiwa mlango wake wa kutorokea.

Jumatatu alikwenda Wattaya, kwenye maduka ya magari. Lilimvutia gari moja jeupe, refu, lenye matairi mapana na taa zilizokodoa macho. Kwenye kioo cha dirisha palibandikwa karatasi yenye maneno ya Kiarabu na Kiingereza. Akavaa miwani. Tarakimu alizitambua: mwaka, bei, kilomita kwa lita moja ya petroli. Maneno yalikuwa siafu waliojipanga. Akayapitisha macho kutoka kulia kwenda kushoto kama alivyoona wengine wakifanya, akinong'ona, "Ya Rabi, nisitiri."

Kijana mmoja aliyekuwa aking'arisha gari la pili aligeuka akitabasamu. "Kumbe mzee ni wa lugha yetu! Mimi Rufus, wa Nakuru. Hiyo karatasi ndiyo husema ukweli wa gari. Rangi na taa ni poda tu. Nikusomee?"

"Nani kakwambia sijui kusoma?"

"Pole, mzee. Sikuwa na maana hiyo."

"Basi ng'arisha gari yako."

Akampigia simu Khulood. "Nimeisoma yote, mwanangu. Kila kitu kimo."

"Na magurudumu manne?"

Mzee Thani aliutazama urefu wa gari lile. "Hii dume! Inapanda mpaka mbinguni."

"Nitumie picha ya karatasi basi, niione."

"Picha ya nini? Huniamini babako?"

"Nnakuamini, baba. Lipa arabuni, wasimuuzie mwengine. Alhamisi nnakuja kutia saini."

Jumatano, walipotoka msikitini baada ya Alasiri, alimsimulia rafiki yake Yaqdhan, dereva mstaafu kama yeye. "Refu, wallahi, kama ghorofa!"

"Yakhe, urefu si kitu," Yaqdhan alimjibu. "Mpwa wangu alinunua refu kuliko hiyo. Polisi wakamrudisha pale kizuizini, na wakwe zake wamo ndani! Kumbe ilikuwa inavutwa na magurudumu mawili ya mbele tu. Siku hizi zote zimevaa suti ya mlima. Lakini wewe umeisoma karatasi, hapana neno."

"Nimeisoma," alisema Mzee Thani, akaharakisha kuaga.

Alhamisi, Khulood alifika dukani moja kwa moja kutoka Nizwa, uchovu umemjaa machoni, lakini tabasamu haliishi. Muuzaji, kijana nadhifu aitwaye Muatasim, alimsogezea mkataba na kalamu. Mzee Thani alikaa pembeni, miwani puani. Akilini akamwona binti yake kizuizini siku ya Jumapili, mizigo nyuma, askari akimwonyesha kwa mkono arudi. Akasikia tena kile kicheko cha darasani, kibichi kama cha jana. Huenda gari lile lilikuwa sawa. Huenda. Kalamu ikagusa karatasi.

"Ngoja, mwanangu."

"Nini tena, baba? Rangi hutaki?"

Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akairudisha puani. "Miwani yako nzuri. Naiona kila herufi. Lakini sijui zinasema nini."

Khulood alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha. Muatasim, ambaye Kiswahili hakukielewa, aliendelea kutabasamu kwa adabu.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku waliyonicheka. Maisha yangu yote."

"Na ripoti zangu za shule? Ulikuwa ukiziangalia, ukisema, 'Vizuri sana.'"

"Nilikuwa nikiuangalia uso wako. Ukicheka, nnajua umefaulu."

Khulood aliweka kalamu chini. Alimshika baba yake mkono, wakaenda pamoja mpaka penye gari jeupe, akaanza kumsomea kwa sauti: mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, ukubwa wa injini, mifuko ya hewa. Ghafla kidole chake kikasimama.

"Linaendeshwa na magurudumu mawili ya mbele," alisoma polepole. "Jumapili ningerudishwa, baba."

Rufus alikuwa karibu, kitambaa mkononi, akijifanya hasikii. Mzee Thani alimwita.

"Mwanangu, niwie radhi. Ulitaka kunifaa, nikakukata."

"Yameisha, mzee. Hata mimi nilipofika huku, karatasi za Kiarabu nilikuwa nazitikisia kichwa tu. Siku moja nikasaini ya kuhama chumba, nikidhani ni ya likizo!" Wakacheka wote watatu. "Njoo nyuma. Kuna moja ya kijivu, sura yake haiuzi, lakini msome karatasi yake."

Mbele ya gari lile la kijivu mambo yakageuka. Khulood alisoma, na baba akafasiri. "Magurudumu manne," alisema binti. "Alhamdulillahi," alijibu baba, "endelea. Uzito? Hapo sawa, lakini mlima wa kushuka ndio unaoua breki, si wa kupanda. Tazama kama gia zake zina ile ya kutambalia polepole mteremkoni." Khulood alitambua kwamba yeye aliyajua maneno bila kuyajua mambo, na baba yake aliyajua mambo bila maneno. Muatasim akaihamisha arabuni bila ubishi, kwa kuwa saini ilikuwa haijatiwa.

Jumapili asubuhi askari wa Birkat al-Mauz aliitazama kadi ya gari, akainama kuyatazama magurudumu, akapunga mkono: piteni. Mzee Thani hakumwona. Alikuwa ameiweka mapajani ile karatasi, waliyoibandua kiooni kwa uangalifu, kidole chake kinene kikitambaa chini ya neno moja.

"Ru... ba... i," alisoma, kwa matamshi yaleyale ya Kipemba. "Manne!"

Khulood alitazama barabara, machozi yakimlenga. "Vizuri sana, baba," alisema.

Gari likaanza kupanda. Kwa miaka hamsini Mzee Thani aliilinda siri yake, nayo haikumletea hata herufi moja. Siku aliyoifunua, alipata gari la kumfikisha binti yake kazini, na akapata mwalimu. Mficha uchi, hakika, hazai.